Usalama wa Nani? Historia ya Bodaboda na Maneno Yake Nchini Uganda

Utangulizi

Katika somo la isimujamii tumezoea kuwaeleza wanafunzi wetu kwamba hali ya Kiswahili nchini Uganda ina pande mbili zinazopingana. Wananchi wengi husema hawakijui Kiswahili, na baadhi yao huongeza kwamba hata hawakitaki. Lakini wananchi haohao wakianza kuzungumza juu ya barabara, polisi, wezi na vita, maneno ya Kiswahili huwatoka bila kutafutwa: askari, afande, kiboko, magendo, panda gari. Mtu anaweza kuongea Kiganda, Kisoga au Kiteso kutwa nzima, lakini akisimulia jinsi alivyosimamishwa usiku kwenye kizuizi, askari wa katika masimulizi yake atasema Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya neno moja, bodaboda, pamoja na maneno yanayoandamana nalo, ili kuonyesha jinsi watu wa kawaida wanavyojadili vyombo vipya, sheria mpya na usalama wao. Neno tutakalolirudia zaidi ni hilo la mwisho, yaani usalama. Katika Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya sheria zetu, yapo maneno mawili: moja la kukingwa na ajali na madhara, na jingine la kukingwa na adui au mhalifu. Kiswahili kinatumia neno moja kwa yote mawili. Tunasema "usalama barabarani", na tunasema pia "watu wa usalama" tukimaanisha majasusi. Hoja yetu ni kwamba historia ya bodaboda nchini Uganda ni historia ya maana ya pili kuimeza maana ya kwanza, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kufanya kuhusu hilo.

Kiswahili cha amri

Kiswahili kiliingia Uganda kupitia njia zaidi ya moja. Wafanyabiashara na misafara yao walikifikisha katika ikulu ya Buganda katika karne ya 19, na wamisionari wa mwanzo walikitumia kabla ya kuhamia Kiganda. Lakini njia iliyoacha alama kubwa zaidi ni ya jeshi. King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, lilikusanya vijana wa makabila mengi, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili. Polisi nao wakafuata mkondo huo.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha kuu ya wenyeji katika elimu na utawala. Pendekezo lake lilipingwa vikali. Kabaka Daudi Chwa aliandika mwaka 1929 kulikataa, na wamisionari wengi walikuwa upande wake. Hofu haikuwa ya lugha peke yake. Watu wa Buganda waliona kwamba nyuma ya Kiswahili kulikuwa na mpango wa kuiunganisha Uganda na Kenya, nchi ya walowezi, na hivyo kuhatarisha ardhi na heshima yao. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa mashuleni, kikabaki kwa polisi. Matokeo yake yalikuwa mazito kuliko yanavyoonekana katika maandishi ya sera: raia alikosa mahali pa kujifunzia Kiswahili darasani, akabaki kukisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki au kirungu.

Baada ya uhuru hali hiyo ilizidi. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikufuatwa na walimu wala vitabu vya kutosha, bali lilifuatwa na hofu. Alipoangushwa mwaka 1979, wanajeshi wa Tanzania walioingia wakapewa jina la bakombozi, yaani wakombozi kwa umbo la Kiganda. Hapo kwa muda mfupi watu wakasikia Kiswahili kingine, chenye "tafadhali" na "samahani ndugu". Pamoja nao uliletwa utaratibu wa Kitanzania wa nyumba kumi kumi, ambao Uganda uliitwa mayumba kumi, kwa ajili ya kugawa bidhaa adimu na kuangalia wageni wanaoingia mitaani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja neno ambalo wazee wa Kampala hawalitamki kwa mzaha hata leo: panda gari. Wanajeshi walizingira mtaa, wakawatoa watu majumbani na kuwapakia katika malori kwenda kuchunguzwa. Baadhi yao hawakurudi. Kisarufi ni sentensi sahili kabisa, kitenzi katika hali ya kuamuru na yambwa yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuichanganua kwa dakika moja. Lakini kwa aliyeisikia mlangoni alfajiri, sentensi hiyo ilikuwa Kiswahili chote alichohitaji kujua, na ndiyo sababu hakutaka kujua zaidi.

Kiswahili cha mpakani

Wakati huohuo palikuwa na Kiswahili kingine kilichokuwa kikikua mashariki, katika miji ya Busia na Malaba, ambako Uganda inapakana na Kenya. Hiki kilikuwa cha kuuliza bei, kupatana na kukopeshana. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, biashara rasmi ikaporomoka, na sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil na bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Mkulima wa Uganda aliyelipwa kidogo na bodi ya serikali aliona kahawa yake ikinunuliwa kwa bei nono ng'ambo ya mpaka, katika masoko kama lile la Chepkube nchini Kenya. Biashara hiyo ya kupenya ikaitwa magendo, na waliotajirika haraka enzi hizo wakaitwa mafuta mingi. Mwalimu atasahihisha iwe "mafuta mengi", na atakuwa sahihi kisarufi. Hata hivyo jina hilo halikutungwa na mwalimu. Lilitungwa na watu waliokuwa na la kusema kuhusu uchumi wao, wakalisema kwa Kiswahili walichokuwa nacho.

Neno bodaboda lilizaliwa katika mazingira hayo. Kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na mwendo ambao magari ya abiria hayakuweza kuuvuka bila karatasi nyingi. Abiria alishuka upande mmoja na mizigo yake, akatembea hadi upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walifunga mto au kiti laini juu ya karia na kuwavusha watu kwa malipo madogo. Walikuwa wakiita abiria kwa kutaja safari yenyewe: "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka.

Kwa mtazamo wa isimu, neno hili lina mengi ya kufundisha. Kwanza, neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka huishia kwa irabu katika matamshi ya Waingereza, kwa hiyo liliingia katika lugha zetu bila kuongezewa silabi. Pili, limerudufiwa, na urudufishaji katika lugha za Kibantu mara nyingi huonyesha jambo linalojirudia: hatua kwa hatua, nyumba kwa nyumba, boda kwa boda. Kwa hiyo mofimu ni ya kigeni lakini ujenzi ni wa kwetu. Tatu, halikupitia kamati yoyote ya istilahi. Lilipotoka mpakani lilikwenda Tororo, Mbale, Jinja na Kampala, likavuka kwenda Kisumu na Nairobi, na hatimaye likafika Dar es Salaam, ambako mamilioni ya watu hulitumia bila kukumbuka mpaka wowote.

Injini yaja, sheria yafuata

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli jijini Kampala. Sababu zake zinaeleweka. Jiji lina vilima vingi na foleni ndefu. Vijana waliokosa ajira walikuwa wengi, na hata aliyekuwa na kazi ya mshahara mdogo aliona afadhali kununua pikipiki na kumpa mtu aiendeshe kwa hesabu ya kila siku. Pikipiki za kutoka India, hasa Bajaj Boxer, zilikuwa nafuu na mafundi walizimudu. Jina halikubadilika. Chombo kilikuwa kipya, mwendo ulikuwa mpya, hatari ilikuwa mpya, lakini watu waliendelea kusema bodaboda, kana kwamba safari bado ni ile fupi ya kuvuka forodha kwa baiskeli.

Serikali iliendelea kuitazama kama biashara ya mtaani kwa muda mrefu. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ilipitishwa mwaka 1998, na kanuni za kuvaa kofia za kinga zikatolewa mwaka 2004. Katika mwaka huohuo wa 2004 majirani zetu wa Kenya walikuwa wakishughulikia matatu: tarehe 1 Februari zilianza kutekelezwa kanuni za Waziri John Michuki zilizodai mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni na abiria wasiozidi 14. Wakenya hawakuziita kwa namba ya tangazo la serikali. Waliziita Sheria za Michuki, na kwa jina hilo walizisifu, wakazilaani na kuzidai pale zilipolegezwa. Sheria iliyopata jina la mtaani ilipata pia watetezi wa mtaani.

Kanuni ya kofia Uganda haikupata jina. Ilikuja kwa Kiingereza ikabaki katika Kiingereza. Mjadala wake ulifanyika kwenye steji, kila mtu akisema lake. Madereva walilalamika kwamba kofia ina joto na bei yake ni kubwa. Abiria walisema hawawezi kuvaa kofia iliyovaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, na akina mama wakataja nywele zilizosukwa kwa gharama. Wengine waliona ni njia ya trafiki kujipatia chochote. Hoja hizi si za kipuuzi. Kila moja ina jibu, na jibu lingeweza kuokoa watu, lakini ilihitajika lugha ya kulitolea, na aliyetumwa kwenda steji hakutumwa kujadiliana. Alitumwa kukamata. Dereva akasema "afande, nisamehe", afande akasema "leta leseni", na mjadala wa kichwa na kofia ukaishia hapo.

Ni kweli kwamba kulikuwa na waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2014 kampuni ya SafeBoda ilianza jijini Kampala. Madereva wake walipewa mafunzo, fulana zenye kung'aa na kofia za rangi ya chungwa, pamoja na kofia ya pili kwa ajili ya abiria, na mteja aliweza kuwaita kwa programu ya simu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapa kofia ilikuja kama huduma. Abiria alipewa kofia mkononi na mtu aliyemwita "ssebo" au "nyabo", wala hakuamrishwa kuivaa na mtu mwenye vitabu vya faini.

Kofia ileile, kazi mbili

Tarehe 17 Machi 2017 ofisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake pamoja na mlinzi na dereva wake. Tarehe 8 Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga na mlinzi wake waliuawa vivyo hivyo. Katika matukio haya wauaji walisemekana kutumia pikipiki. Kuanzia hapo bodaboda ilitoka katika ukurasa wa ajali ikaingia katika ukurasa wa uhalifu.

Tarehe 20 Juni 2018 Rais Museveni alihutubia Bunge na kueleza hatua za kupambana na mauaji hayo. Miongoni mwake kulikuwa na vibao vya namba vya kielektroniki kwa magari na pikipiki, kamera barabarani, na kofia za waendesha pikipiki zenye namba zinazong'aa ili zisomeke kwa mbali.

Tunaomba msomaji atulie kidogo kwenye kofia hiyo. Mwaka 2004 sheria ilimtaka dereva avae kofia ili kichwa chake kisipasuke. Mwaka 2018 alitakiwa avae kofia ili mwenye kichwa atambulikane. Kitu ni kilekile, na kwa Kiswahili tungesema katika hali zote mbili kwamba ni "kwa ajili ya usalama". Lakini katika hali ya kwanza dereva ndiye anayelindwa, na katika hali ya pili dereva ndiye anayelindwa dhidi yake. Hapo ndipo swali tulilolifanya kichwa cha makala haya linapopata uzito: usalama wa nani?

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Kamera za ulinzi zilifungwa Kampala na vitongoji vyake kwa mradi uliogharimu takriban dola milioni 126, vifaa vikitoka kwa kampuni ya Huawei ya China. Tarehe 1 Juni 2021 Jenerali Katumba Wamala, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, alipigwa risasi na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Yeye alinusurika, bali binti yake na dereva wake waliuawa. Mwaka huohuo serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Urusi kwa ajili ya vibao vya namba vya kidijitali, na mwaka 2023 vikaanza kuwekwa katika magari ya serikali. Mnamo Juni 2025 ulianzishwa mfumo wa kamera zinazotoza faini zenyewe bila askari kumsimamisha mtu. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mfumo ulisimamishwa katika mwezi huohuo.

Maoni ya watu kuhusu teknolojia hizi hayakuwa ya upande mmoja. Wapo waliosema kwamba asiye na hatia hana la kuogopa, na kwamba aliyefiwa na ndugu yake kwa risasi hatauliza kamera imetoka nchi gani. Wapo waliouliza taarifa za safari zao zitakaa mikononi mwa nani, wakikumbusha kwamba Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Wapo waliopiga hesabu za faini na kuona kwamba faini moja inaweza kumeza mapato ya dereva ya siku nyingi. Na wapo, hasa wazee, waliosema tu kwamba wameshaona nchi ambamo kila mtu anahesabiwa na kufuatiliwa, na hawahitaji kuelezwa. Hawakutaja panda gari. Haikuwa lazima.

Wakati huo wote maana ya kwanza ya usalama ilikuwa ikidai haki yake. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu vifo 5,144 vya barabarani, na waliokuwa juu ya pikipiki, yaani madereva na abiria wao, walikuwa wengi kuliko kundi lingine lolote. Wauaji wenye bunduki walioitikisa nchi hawakufikia hata chembe ya idadi hiyo. Lakini mtu aliyeuawa na lori huko Masaka hazindui hotuba bungeni.

Majirani walivyovipa vyombo majina

Inafaa kutazama kidogo jinsi majirani zetu walivyovipokea vyombo kama hivi. Tanzania, kifaa cha mkononi cha kupimia mwendo wa magari kinaitwa tochi. Dereva husema "wamenipiga tochi", na mwenzake anayekuja mbele humwashia taa kumtahadharisha. Jina hili linakipunguzia kifaa kiburi: ni tochi tu, na tochi ni kitu ambacho kila nyumba inacho. Rwanda, kamera za mwendo zilipewa jina Sofia. Robota maarufu wa jina hilo alikuwa amepelekwa Kigali mwaka 2019, na watu wakaona kwamba kiumbe kinachokutazama bila kupepesa macho kinastahili jina lake. Kenya, pikipiki yenyewe ina jina lingine la mitaani, nduthi, linalotembea sambamba na bodaboda.

Majina kama haya si utani mtupu. Mtu anapokipa kifaa cha serikali jina lake mwenyewe, amekiingiza katika mazungumzo yake, na anaweza sasa kukisifu au kukilalamikia. Aidha, Tanzania imepiga hatua ambayo sisi bado: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na sheria kwa jumla. Mwendesha bodaboda wa Morogoro anayeshtakiwa anaweza kufuata kesi yake bila mkalimani. Hatudai kwamba kwa sababu hiyo barabara zao hazina ajali. Tunachosema ni kwamba mtu huyo ana nafasi ya kubishana na sheria, na anayeweza kubishana na sheria ndiye anayeweza pia kushawishiwa nayo.

Ajali haina kinga?

Lipo kikwazo kingine ambacho kimo ndani ya Kiswahili chenyewe, nasi hatuna budi kukikiri. Neno ajali lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ukomo wa maisha ya mtu. Katika Kiswahili limebeba maana ya kifo kilichoandikwa kabla ya kumaanisha mgongano wa magari. Ndiyo maana wahenga walisema ajali haina kinga. Methali hiyo husikika kila inapozungumzwa habari ya kofia: siku ikifika imefika, uwe na kofia usiwe nayo.

Tukiwa walimu wa fasihi simulizi tunajua kwamba methali hazisemi kwa sauti moja. Wahenga haohao walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mwalimu anaweza kuziweka methali hizi mbili mbele ya darasa na kuliacha lijadili ni ipi inayofaa wapi. Methali ya kwanza ni ya kumfariji mfiwa baada ya msiba, na pale ina hekima kubwa. Ikitolewa asubuhi kabla ya safari, hugeuka kisingizio. Kosa liko katika wakati wa kuitumia.

Funzo kwa darasa la Kiswahili

Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, itakayotumika kama Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili, na Julai 2022 likaamua kwamba somo hili liwe la lazima shuleni. Maamuzi haya ni mema. Lakini tukiingia darasani na mazoezi ya "Simama!", "Kaa!", "Nyamaza!", "Leta daftari!", tutakuwa tumekifundisha tena Kiswahili cha amri, na mtoto atakaporudi nyumbani kuyakariri, bibi yake atajua ameyasikia wapi.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, upatanisho wa kisarufi ufundishwe kwa mifano yenye uzito. Chukua sentensi hizi: "Bodaboda imeanguka" na "Bodaboda ameanguka". Ya kwanza inazungumzia chombo, ya pili inazungumzia mtu. Tofauti ni ya kiambishi kimoja tu, lakini taarifa ya polisi au habari ya gazeti inayosema "bodaboda mbili zimegongwa" inaweza kuwaficha watu wawili ndani ya chuma. Mwanafunzi akilielewa hilo, ngeli ya A-WA haitakuwa tena jedwali la kukariri.

La pili, wanafunzi wapewe kazi ya kutafsiri vifungu vifupi vya sheria ya barabarani kwa Kiswahili ambacho dereva wa steji ataelewa, kisha wamsomee dereva na kusikiliza maswali yake. Watagundua kwamba neno kama "kofia ya kinga" linamwambia mtu kofia hiyo ni ya nini, na kwamba neno "usalama" linahitaji kuongezewa maelezo: usalama dhidi ya nini, na wa nani. Swali hilo ni la kisemantiki, nalo ni la kiraia pia.

La tatu, midahalo yetu iondoke katika mada zile za zamani za maisha ya kijijini na ya mjini. Kamera zitoze faini zenyewe au zisitoze? Kibao cha namba kinachoonyesha gari lilipo kimlinde nani? Mada hizi zinazungumzwa majumbani kwa lugha zote za nchi hii. Hakuna sababu Kiswahili kiziachie lugha nyingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba nchini Uganda Kiswahili kilitembea kwa njia mbili. Ile ya kambi ya jeshi ilituachia panda gari, na ile ya mpakani ilituachia bodaboda. Neno la kwanza liliwanyamazisha waliolisikia. La pili lilibuniwa na vijana waliokuwa wakitafuta riziki, likaenea Afrika Mashariki nzima bila kulazimishwa na yeyote. Sheria na teknolojia za barabarani zimekuwa zikimjia mwananchi kwa sauti ya lile la kwanza, na kila mara zimekuta ukimya, ukaidi au malalamiko.

Vijana wanaosoma katika idara zetu watakuwa walimu, waandishi wa habari, wakalimani na maofisa wa serikali. Baadhi yao watatumwa kwenye steji kueleza kanuni mpya, ya kofia au ya kamera. Tungependa wafike pale na Kiswahili cha Busia: cha kusalimu kwanza, kueleza bei na faida, kusikiliza ubishi, na kupatana. Dereva anayeelezwa kwamba kofia ni ya kichwa chake, kwa lugha inayomruhusu kujibu, ana sababu ya kuivaa hata pale ambapo hapana trafiki wala kamera.